Niachieni Kicheko Changu

(Mhadhara uliotolewa mjini Unguja mbele ya vijana wanaotengeneza vichekesho)

Assalamu alaykum. Wanaonijua washajua nitakachosema, na naona wawili watatu kule nyuma washatoa simu zao. Hewala. Mie nitasema tu, maana kila nikiwasha televisheni jioni nakuta bado hamjasikia.

Toeni vicheko vya mashine, vile vilivyorekodiwa mnavyovipachika kwenye vichekesho vyenu. Basi.

Juzi niliangalia kichekesho cha vijana wetu, jina silitaji. Mzee kaalikwa ukweni. Kaletewa sinia la pilau, njaa inamuuma, kanyoosha mkono kabla ya wenziwe. Mara mama mkwe anatokea mlangoni. Yule mzee anaurudisha mkono polepole, polepole, mpaka unafika gotini, anaanza kujikuna. Hapo pana kitu! Njaa yake, umri wake, haya yake, vyote vimo katika mkono ule. Lakini mhariri hakutuachia hata pumzi moja. Kapachika mlio wa kengele, kapachika mbuzi, kairudia picha mara tatu, kisha wazungu mia wanaangua kicheko. Wazungu! Ukweni wamefikaje? Wamekaa wapi, na pilau yao nani kawapikia?

Wazungu wale nawajua walikotoka. Miaka ya 1950 huko Marekani, fundi wa sauti aitwaye Charley Douglass alitengeneza sanduku lenye kanda za vicheko. Lilikuwa na vitufe mfano wa taipureta: hiki cha mama anayejizuia kucheka, hiki cha bwana anayecheka kwa tumbo zima, na chini pedeli ya mguu. Alilifunga kwa kufuli, watu wasione ndani. Vipindi vinampitia, anabonyeza, taifa zima linaambiwa wapi licheke.

Na wenyewe Wamarekani si wote waliridhika, msidhani. Tamthilia ya M*A*S*H, iliyooneshwa kuanzia 1972 mpaka 1983, ni ya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea. Walioitengeneza hawakutaka lile sanduku. Wenye stesheni, CBS, waking'ang'ania, bila vicheko watu watajuaje kama ni kichekesho? Wakapatana nusu kwa nusu: kwengine kote wekeni, lakini katika chumba cha upasuaji, hakuna kicheko. Basi tazameni pande zile. Daktari ana damu mpaka kwenye viwiko, anatupa neno la mzaha kwa mwenziwe, na kimya. Unacheka peke yako, kisha unajiona vibaya kwa kucheka, kisha unacheka tena. BBC ilipoionesha Uingereza ikavitoa vicheko kabisa, na Waingereza wakajichekea wenyewe, hawakuhitaji kushikwa mkono.

Mnaniona nimesimama sana hapa. Nasimama kwa sababu mapatano yale yanatoa siri nje: wenye stesheni walijua kabisa kwamba penye jambo la kweli sanduku linaharibu. Sasa kwa nini tulilete penye mkono wa yule mzee?

Najua mtaniambia, "Mzee, mbona Mr. Bean unampenda, na yeye ana vicheko?" Naam, nampenda. Lakini vile vya Rowan Atkinson, anayemwigiza Mr. Bean, ni vya watu. Vipande vyengine alivicheza mbele yao, na vile vilivyopigwa nje wakaoneshwa wao na kicheko chao kikarekodiwa. Mtu halisi akichoka hunyamaza. Mashine hainyamazi.

Na atakayesema kicheko ni cha kuambukizana, kwa hiyo mashine inatusaidia tu, huyo hakuwahi kuingia sinema. Pale Majestic, Vuga, filamu ya Kihindi ikioneshwa, kicheko kilikuja mara mbili. Kwanza wanacheka wanaokijua Kihindi. Halafu jirani anamnong'oneza jirani, na huku kwetu tunacheka sisi, tumechelewa, na wale wa mwanzo wanatucheka kwa kuchelewa kwetu. Wakati mwengine tulicheka tulichotafsiriwa visivyo, kikatuchekesha kuliko cha mwenye filamu! Hiyo ndiyo ambukizo. Na kichekesho kikiwa kibovu ukumbi mzima kimya, unasikia njugu zinavyobanduliwa. Wale wasanii wa Bombay hawakuwa na wa kuwaficha.

Nimeambiwa zimebaki dakika tano. Mambo mawili, kwa haraka.

Moja, mchekeshaji asijichekee. Marehemu King Majuto wa Tanga, aliyetuacha Agosti 2018, alipokasirika katika mchezo alikasirika kweli, macho yakimtoka, na kila akizidi kukasirika mbavu ndizo zinatuuma. Vioja Mahakamani ya Wakenya ni hivyo hivyo: mshtakiwa anatoa utetezi wa ajabu kabisa na anauamini, hakimu naye anamsikiliza kwa makini. Na huyo Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu za Marekani, katika filamu yake ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, ukuta wa kweli, anapona kwa kuwa amesimama sawasawa na uwazi wa dirisha, wala uso haukunji. Nyinyi mkianguka kwenye ndoo mnaitazama kamera mkitabasamu, kama watoto waliovikwa nguo za sikukuu.

La pili ni kuigiza lafudhi ya Kipemba kila mnapotaka mshamba. Mie mama yangu ni wa Wete. Mtu akiongea Kipemba chake safi, akapanga hoja yake, akamshinda wakili, nitacheka na nitakununulia kahawa. Lakini kuivuta ile lafudhi tu, pasi na jambo lolote analolisema, kisha ukabonyeza sanduku... Hili lilistahili saa nzima, na mwenyekiti kashasimama. Tutalipanga siku nyengine, inshallah.

Mwenye klipu ya pilau yumo humu, nimemwona, na nimefurahi amekuja. Njoo mbele, mwanangu, usiogope. Chomeka kompyuta yako pale, tuiangalie sote. Lakini sauti izime kabisa, na pale mkono unaporudi usirudie, uache uende wenyewe mpaka gotini.