Tumewahoji Vijana Vya Kutosha, Sasa Tuihoji Kazi

Ahsante, Mwenyekiti. Nimeombwa nizungumzie namna kijana anavyoweza kuchagua kazi itakayomridhisha. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitaanzia wapi, na leo pia sitoki hapo, maana sijaona mabadiliko ya kunifanya nitoke: maswali yetu yote tunayaelekeza kwa kijana, na kazi yenyewe hatuiulizi kitu.

Mtoto hajajua kusoma sawasawa, ameshaulizwa akikua anataka kuwa nani. Akifika sekondari anapewa dodoso: unapenda kukaa na watu au na mashine? Unapenda namba au maneno? Akikaribia kumaliza chuo anaulizwa ndoto yake, kipaji chake, wito wake. Kijana wa miaka kumi na saba anatakiwa atoe majibu juu ya moyo wake ambayo wengi wetu humu ukumbini, na mvi zetu, hatuna. Kisha anachagua uhasibu, au uuguzi, au sheria, na hakuna hata mmoja aliyeketi naye akamwambia: mhasibu akifika ofisini asubuhi anafanya nini mpaka jioni? Nani anamwamulia? Wanaoikimbia kazi hii wanakimbia nini?

Jambo hili si geni. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, na wengi wanaihesabu kuwa chimbuko la ushauri wa kazi kama tunavyoujua. Alitaka mambo matatu. Kijana ajijue. Kijana azijue kazi: masharti yake, malipo yake, ugumu wake, nafasi zake. Halafu ayaweke hayo mawili pamoja na kuyapima kwa akili. Parsons alifariki mwaka huohuo, na tangu hapo sisi warithi wake tumelikuza jambo la kwanza na kuliacha la pili likidumaa. Mwanasaikolojia John Holland akatuletea makundi yake sita ya haiba na kazi, na dodoso la kumpanga kijana humo, na sina ugomvi nayo. Dodoso zuri linamsaidia kijana asiyejua pa kuanzia. Ninachokataa ni kumpa kijana karatasi ya majibu kwamba yeye ni mtu wa kundi fulani, halafu tukaona shughuli imekwisha. Nusu ya shughuli haijaguswa.

Sasa, kazi inahojiwaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopita haraka.

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao mia mbili wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Hawakuwauliza kama wanaipenda kazi yao. Swali hilo halina faida: mtu akiwa amelipwa jana atajibu hivi, akiwa amegombana na msimamizi asubuhi atajibu vile. Waliwaambia hivi: kumbuka wakati mmoja ulipojisikia vizuri sana kazini, utusimulie kilichotokea. Kisha kumbuka wakati ulipojisikia vibaya sana, utusimulie pia.

Tazameni uzuri wa swali hilo. Halitaki maoni, linataka tukio. Na matukio mazuri yaliyotoka hayakuwa kinyume cha yale mabaya. Ungetarajia kwamba kama mmoja alifurahi kwa sababu ya bosi mwema, mwingine aliumia kwa sababu ya bosi mbaya. Sivyo. Waliosimulia furaha walizungumzia kazi yenyewe: niliimaliza kazi ngumu, mchango wangu ulitambuliwa, nilikabidhiwa jukumu, nilipanda cheo. Waliosimulia uchungu walizungumzia mazingira ya kazi: taratibu zisizo na kichwa wala miguu, usimamizi mbovu, malipo yaliyoonekana kutotenda haki, mahusiano yaliyoharibika. Herzberg akahitimisha kwamba kuridhika na kutoridhika ni mambo mawili tofauti, hayakai kwenye mizani moja. Mwiba ukiutoa mguuni, mtu anaacha kuchechemea. Hajaanza kucheza ngoma.

Najua kuna msomi hapa anayetaka kuninyanyukia, na ana haki. Victor Vroom alishasema mwaka 1964 kwamba binadamu akifanikiwa husema ni juhudi zake, akikwama husema ni ofisi, kwa hiyo huenda Herzberg alipima majivuno yetu. Ni pingamizi zito, na tafiti zilizofuata hazikupata kila mara mgawanyo safi kama ule wa Pittsburgh. Mshahara wenyewe haukukaa upande mmoja hata katika matokeo yake mwenyewe. Sawa, nadharia ipunguzwe ukali. Mimi sihitaji nadharia nzima, nataka lile swali. Mpe kijana swali la Herzberg, mtume kwa mtu anayefanya kazi anayoitamani, na akirudi atakuwa amejifunza kuliko dodoso lolote litakavyomfunza.

Na wanarudi! Binti mmoja alitaka uanasheria kwa sababu, alisema, anapenda kubishana na hashindwi. Kila mtu nyumbani alikubali. Nikamwomba aende akawaulize mawakili wachache siku yao nzuri ya mwisho na siku yao mbaya ya mwisho. Alirudi amekaa kimya. Katika siku nzuri alizosimuliwa, mabishano hayakuwamo. Kulikuwa na wakili aliyesoma mkataba mrefu mpaka usiku akakuta kifungu kimoja kilichomwokoa mteja. Kulikuwa na mwingine aliyewapatanisha ndugu wawili kabla shauri halijafika mahakamani. Na siku mbaya? Kuahirishwa kwa kesi, tena na tena, na mteja anayekulaumu kana kwamba wewe ndiye uliyeahirisha. Binti akaniuliza, sasa nifanye nini? Nikamuuliza kama anaweza kusoma usiku kucha akitafuta kifungu kimoja, na kama hilo lingempa furaha. Akafikiri, akasema ndiyo, kuliko hata kubishana. Alikwenda kusoma sheria, kwa sababu tofauti kabisa na ile aliyoingia nayo mlangoni kwangu. Hilo ndilo ninalolitafuta.

Kuna swali la pili ambalo kijana asiache kuliuliza: nani anaamua namna unavyofanya kazi yako? Wengi wanalipuuza, wanaona ni deko. Uingereza, kuanzia mwaka 1967, watumishi wa umma zaidi ya elfu kumi na saba wa ofisi za serikali mjini London walifuatiliwa afya zao, wote wanaume, na Michael Marmot na wenzake wakaonyesha kwamba waliokuwa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wa ngazi ya juu katika miaka ya ufuatiliaji. Hawa si wachimba migodi, ni watu wa ofisini! Uchunguzi wa pili ulioanza 1985, ukiwa na wanawake pia, uliwakuta wenye uamuzi mdogo juu ya kazi zao wakiwa na hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo. Moyo huu unaopiga, simaanishi moyo wa kwenye mashairi. Kwa hiyo kijana akiuliza kama atakuwa na sauti katika kazi yake, asiambiwe anadeka.

La tatu: jioni unajuaje kama umefanya vizuri? Richard Hackman na Greg Oldham, mwaka 1976, waliliweka hili miongoni mwa sifa tano za kazi inayomtia mtu ari, pamoja na kazi kuwa na mambo mbalimbali, kuifanya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kuwa na maana kwa wengine, na ule uhuru wa kuamua nilioutaja. Mtu anayejaza fomu zinazokwenda ghorofa nyingine na asisikie tena habari zake anachoka kwa namna ambayo likizo haiponyi.

Mtaniambia: na mshahara je? Kila mara naulizwa hili kana kwamba nimelikwepa. Sijalikwepa. Malipo duni ni dhuluma, na mtu asiyeweza kulisha watoto wake hahitaji mhadhara juu ya ari. Kijana aulize malipo waziwazi, tena aulize ya mtu mwenye miaka mitano kazini, si ya siku ya kwanza tu. Ila asidhani kuwa tarakimu kubwa itamfanyia kazi ya furaha. Timothy Judge na wenzake mwaka 2010 walikusanya tafiti nyingi kwa pamoja wakakuta uhusiano kati ya kiwango cha malipo na kuridhika na kazi upo, lakini ni mdogo.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo, kwa sababu waajiri wapo. Msilitumie neno wito kupunguza mishahara. J. Stuart Bunderson na Jeffery Thompson waliwachunguza watunza wanyama katika bustani za wanyama za Marekani na Kanada, matokeo yakatoka 2009. Wale waliojiona wameitiwa kazi hiyo waliiona ina maana kubwa, na walikuwa tayari kujinyima fedha, muda na raha kwa ajili yake. Watafiti wakaonya kwamba mtu wa namna hiyo ni rahisi kunyonywa. Mwalimu anayeipenda kazi yake, muuguzi anayeipenda kazi yake, hao ndio mnaowaambia wavumilie. Hao ndio walipaswa kuwa wa kwanza kulipwa kwa wakati.

Kuhusu wito wenyewe nitapita haraka, Mwenyekiti ameshanionyesha saa. Amy Wrzesniewski na wenzake mwaka 1997 waliwauliza watu kama wanaiona kazi yao kuwa riziki tu, au ngazi ya kupandia, au wito. Walikuwamo wasaidizi wa ofisi 24, watu wa kazi inayofanana, na wakagawanyika karibu sawasawa katika mafungu hayo matatu. Basi tusimwambie kijana kwamba wito umejificha ndani ya jina la taaluma fulani na yeye ana jukumu la kuufukua kabla ya mtihani wa mwisho.

Nilitaka kuzungumzia kubadili kazi ukubwani. Nitaligusa tu. Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson waliwahoji watu zaidi ya 19,000 wa umri wa miaka 18 hadi 68, wakachapisha 2013. Katika kila umri, watu walisema wamebadilika sana katika miaka kumi iliyopita, na kwamba hawatabadilika sana katika kumi ijayo. Wazazi, zingatieni hilo kabla ya kumtaka mtoto aape kwamba hatabadili mawazo. 

Ombi langu kwa waajiri mliokuja. Tangu miaka ya 1970, John Wanous na wengine wameonyesha kwamba mwombaji akielezwa kazi ilivyo, mazuri na mabaya yake, matarajio yake yanakuwa ya kweli zaidi na uwezekano wa kuondoka mapema unapungua, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Ni jambo la gharama ndogo. Kwa hiyo mkituma wageni kwenye shule zetu, msitutumie mkurugenzi mwenye picha za jengo. Wapokeeni wanafunzi siku ya kawaida ya kazi, kila mmoja akae na mfanyakazi wa miaka miwili au mitatu tangu asubuhi hadi jioni, na msimamizi wa mfanyakazi huyo awe chumba kingine, ili maswali yale matatu yajibiwe bila woga. Walimu watakaopenda kuandaa jambo hili muhula ujao wabaki nami hapa mbele, tupange tarehe kabla hatujatawanyika.