Kadi Mbili, Moja Imelala

SALIM: Haya, karibuni. Leo salamu fupi, kuna kompyuta mgonjwa inasubiri. Msikilizaji wetu ana kadi mbili za picha, GeForce GTX 1080 za Nvidia, kaziunganisha kwa daraja la SLI, mfumo wa Nvidia wa kuzifanya kadi mbili zichore gemu moja, na Windows inaziona zote. Akifungua gemu, ya juu inapanda mpaka asilimia tisini na kitu, ya chini iko sifuri. Imelala fofofo! Kabadilisha daraja, kabadilisha kebo, wapi. Dada Rehema, aanzie wapi?

REHEMA: Aanze kwa kututajia gemu yenyewe.

SALIM: Hakuitaja. Kasema tu ni mpya.

REHEMA: Basi huenda kompyuta yake ni nzima kabisa. Draiva, yaani programu inayoendesha kadi, haigawi kazi kwa kadi mbili kwa kubahatisha. Kila gemu inahitaji wasifu wake wa SLI, yaani maelekezo ya kugawa kazi, ndani ya draiva, na Nvidia ilishasema kwamba tangu Januari 1, 2021 haiongezi wasifu mpya kwa kadi za RTX 20 na zilizotangulia, hiyo 1080 ikiwemo. Gemu ikitoka baada ya hapo, hakuna wa kuiamsha hiyo kadi ya pili.

SALIM: Lakini si DirectX 12, mfumo wa Microsoft ambao gemu huutumia kuchora, ilikuja na njia yake?

REHEMA: Ilikuja, ila mzigo ukahamia kwa watengeneza gemu. Wao ndio waandike namna kadi mbili zitakavyoshirikiana. Gemu ya Ashes of the Singularity ilifanya hivyo, hata ikaweza kuchanganya kadi ya AMD na ya Nvidia. Wengi hawakujisumbua, na siwalaumu. Wenye kadi mbili walikuwa wachache, kazi yenyewe nzito.

SALIM: Sawa, lakini hatuwezi kumwacha mtu na "huenda". Atahakikishaje?

REHEMA: Atumie kipimo kinachojulikana kutumia kadi mbili. 3DMark Fire Strike inafaa, au GTA V ile ya zamani ya DirectX 11. Gemu iwe kwenye skrini nzima ya kweli. Ikiwa ndani ya dirisha, hata lile lisilo na ukingo, SLI mara nyingi haifanyi kazi. Kadi ya pili ikiamka hapo, mgonjwa hana ugonjwa. Afunge kasha.

SALIM: Na isipoamka?

REHEMA: Hapo sasa tunaingia jikoni. Kwanza paneli ya Nvidia, sehemu ya kusanidi SLI. Kuna watu huunganisha daraja wakasahau kuiwasha humo. Kisha afungue GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, asome mstari wa Bus Interface. Anatafuta x8, yaani njia nane za data, au zaidi kwenye kila kadi.

SALIM: Hapa niingilie kidogo, maana watu huniuliza sana. Ukikuta imeandikwa PCIe 1.1, yaani kasi ya chini ya njia inayounganisha kadi na kompyuta, wakati kompyuta imetulia, usishtuke. Kadi hushusha kasi ili isile umeme bure. Ipe kazi, namba itapanda. Namba ya kuangalia ni ile ya upana.

REHEMA: Hasa. Na upana ndio unaowanasa watu. Madabodi nyingi, yaani mbao kuu za kompyuta, zina sloti mbili ndefu zinazofanana kwa macho, lakini ya pili imepewa njia nne tu, tena zinazopitia chipseti badala ya kwenda moja kwa moja kwenye prosesa. CrossFire, mfumo wa AMD unaofanana na SLI, inavumilia x4. SLI inakataa chini ya x8. Kwenye madabodi nyingine, ukichomeka diski ya M.2 fulani, njia za sloti zinapungua. Kitabu cha madabodi kinaeleza yote hayo, na hakuna anayekisoma.

SALIM: Mimi ningeanza na kadi yenyewe. Ing'oe ya juu, weka ya chini mahali pake, washa ikiwa peke yake. Ikisumbua hata hapo, kadi mbovu. Ikifanya vizuri, tatizo ni sloti, daraja au draiva.

REHEMA: Nakubali, japo ni kazi ya bisibisi na mtu mvivu kama mimi huanza na programu. Draiva aifute kwa DDU, programu ya kuondoa draiva pamoja na mabaki yake, akiwa kwenye hali salama ya Windows, kisha aiweke upya, kadi zote mbili zikiwa ndani.

SALIM: Tuseme basi zimeamka zote, lakini gemu inakwamakwama. Kipimo kinasema fremu, yaani picha, 90 kwa sekunde, macho yanasema 40.

REHEMA: Hiyo ni tabia ya kupokezana fremu. Kadi moja inachora hii, nyingine inayofuata, kama wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Mmoja akichelewa, mdundo unavunjika. Wastani unabaki mzuri, lakini fremu zinafika kwa kurukaruka. Aangalie muda wa kila fremu, si wastani. Na asidhani kumbukumbu ya GB 8 mara mbili ni 16. Kila kadi inabeba nakala yake, kwa hiyo bado ana 8.

SALIM: Kompyuta ikizimika yote katikati ya gemu?

REHEMA: Ikizimika pu! kama umeme umekatika, namshuku pawa saplai. GTX 1080 imepangiwa wati 180, kwa hiyo mbili ni 360 kabla hujahesabu prosesa, na kuna vilele vya ghafla vinavyopita hapo. Kila kadi ipate kebo yake kutoka pawa saplai, asitegemee moja yenye vichwa viwili. Ila kioo kikiwa cheusi na sauti inaendelea, mshuku kadi au draiva.

SALIM: Na joto, maana ya juu inavuta hewa ambayo ya chini imeshaipasha.

REHEMA: Ndiyo. GTX 1080 ikifika nyuzi 83 huanza kujipunguzia kasi. Nafasi ya sloti moja katikati inasaidia kuliko feni tatu za ziada.

SALIM: Sasa niambie, aiuze hiyo ya pili?

REHEMA: Kwa gemu mpya, SLI imekwisha, hata kadi za RTX 40 zilitoka bila kiunganishi chake. Lakini kuna kazi nyingine. Programu ya Lossless Scaling inaweza kuiacha kadi ya kwanza ichore gemu, ya pili itengeneze fremu za kujazia kati ya zile halisi. Azime SLI, atoe daraja, achague ndani ya programu kadi ya kutengeneza fremu.

SALIM: Monita anachomeka wapi?

REHEMA: Kwenye hiyo ya pili. Akichomeka kwenye ya kwanza, kila fremu inavuka PCIe kwenda na kurudi, na faida inapotelea njiani. Na kuchelewa kidogo kati ya mkono na picha kutakuwepo, kwa hiyo kwenye gemu za ushindani za kulengana risasi, aizime programu hiyo.