Mapafu Si Puto

Naona wanaonijua wameshaanza kucheka. Ndiyo, ni yaleyale. Nitaacha kuyasema siku walimu watakapoacha kuingia darasani na puto, kulipuliza, kuliachia linywee, kisha kuwaambia watoto, "Pafu ndivyo lilivyo." Puto hunywea kwa sababu mpira wake umevutwa. Pafu nalo lina nyuzi zinazovutika, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya nguvu inayolinywesha haimo katika nyama. Imo katika utando wa maji uliotandaa ndani ya vifuko vya hewa.

Nimeyatoa wapi? Kwa Kurt von Neergaard, Uswisi, mwaka 1929. Alichukua mapafu ya nguruwe, akayajaza hewa, akapima mgandamizo uliohitajika. Kisha akaitoa hewa yote, akayajaza kimiminika. Mapafu yaleyale, nyuzi zilezile. Mtu wa puto angeapa kwamba kipimo hakitabadilika, au kitapanda, maana kimiminika ni kizito kuliko hewa. Kilishuka! Kilishuka zaidi ya nusu. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya pafu lililojaa kimiminika hakuna tena mahali maji yanapokutana na hewa, na pasipo na mpaka huo hakuna mvutano wa uso, yaani ile nguvu ya uso wa maji kujivuta ujikunje. Nyuzi zimebaki peke yake, na nguvu yake ni ndogo. Neergaard akaandika hata kwamba nguvu hii ichunguzwe kwa mtoto anayevuta pumzi ya kwanza. Mnadhani kulitokea nini? Zaidi ya miaka 25 ya usingizi!

Hesabu yenyewe ni ya Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, mstari mmoja: mgandamizo ni mvutano mara mbili, gawanya kwa nusu kipenyo. Kifuko chenye nusu kipenyo cha milimita 0.1, kikiwa na maji matupu, kinadai mgandamizo wa sentimita 14 hivi za maji, yaani uzito wa safu ya maji ya kimo hicho, kisijifunge. Nusu kipenyo kikifika 0.05, ni 28. Kadiri kinavyopungua ndivyo kinavyozidi kujibana.

Najua, wewe wa fizikia pale nyuma utasema vifuko si duara kamili, tena vimeshikana kuta, kila kimoja kinamzuia jirani yake asianguke. Kweli. Ila kushikana huko kungetosha, njiti wasingekuwa wanakufa kwa kushindwa kupumua.

Kinachotuokoa ni surfaktanti, mafuta yaliyochanganyika na protini kidogo, yanayotolewa na seli za vifuko vyenyewe. Mtafiti Pattle mwaka 1955 aliona mapovu ya mapafu yanayogoma kupasuka. Mwaka 1957 mwenzake Clements akaonyesha jambo tamu zaidi: utando huo ukibanwa, mvutano unashuka sana. Yaani kifuko kinapokuwa kidogo, wakati ule hasa hesabu inapokitisha, ndipo dawa inapokuwa kali. Mwaka 1959 watafiti Avery na Mead wakawakuta njiti waliokufa hawana kitu hicho cha kutosha. Ilikuwa imejulikana, basi, na bado mwaka 1963 mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, akafa akiwa na umri wa saa 39. Ikulu ya Marekani haikuwa na surfaktanti ya kumpa. Daktari Fujiwara wa Japani ndiye aliyewapa njiti surfaktanti iliyotoka kwa ng'ombe, na huo ulikuwa tayari mwaka 1980.

Sindano za steroidi, anazopewa mama kabla ya kujifungua njiti ili mapafu ya mtoto yakomae, nilitaka kuzieleza, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme tu juu ya chupa ya maji ya mashine ya kumsaidia njiti kupumua, maana wauguzi mko hapa. Mrija wa kutolea hewa unaozamishwa sentimita 5 ndani ya maji unampa mtoto mgandamizo wa sentimita 5, vifuko visijifunge anapotoa pumzi. Ukitaka zaidi, zamisha zaidi, kwa agizo la daktari. Mapovu yakikoma, usifurahie utulivu: hewa inavuja mahali. Anza kukagua pua na mdomo. Haya, maswali.