Unalipa Shilingi Ngapi Kuingia Kuangalia Picha?

Haya jamani, hamjambo. Kila nikirekodi mbele ya picha za kuchorwa, swali ni lile lile: "Dada, unalipa shilingi ngapi kuingia humo?" Silipi. National Gallery, jumba la picha la taifa pale Trafalgar Square, London, kuingia ni bure. Wanatoza maonyesho maalumu tu. Kwa hiyo anayesema naringa, na anayesema nachezea hela huku mama anasubiri za dawa (nyie wa ukoo mnajijua), tuheshimiane. Za mama zinafika kila mwisho wa mwezi.

Hela zinakoishia nitawaambia. Wengi wetu ambao viza zetu za Uingereza si za kazi ya afya wala za masomo tunalipa ada ya matibabu pauni 1,035 kwa mwaka, kila mtu mzima, na unalipia miaka yote ya viza kwa mkupuo, kabla hata hujajua kama utaipata. Ada ya viza yenyewe iko pembeni. Kadi za ukaazi nazo zimeondolewa, kila kitu mtandaoni, lakini mwenye nyumba wangu wa zamani aling'ang'ania nimwonyeshe kadi. Kadi ipi? Silalamiki, nasimulia tu.

Siku kama hizo ndipo naenda kukaa mle mbele ya Ulysses, shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, aliyechorwa na Mwingereza Turner. Ni picha ya rangi za mafuta, ya 1829, upana mita mbili na ushei. Ulysses amelilewesha zimwi Polyphemus, amelitoboa jicho lake la pekee, katoroka na wenzake. Sasa yuko juu ya merikebu, mikono hewani, analizomea. Zimwi lenyewe usipotulia hulioni, limejilaza juu ya mlima utadhani wingu. Kulia jua linachomoza, na ndani yake kuna farasi wa mungu wa jua, hafifu mno.

Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, anasimulia kwamba kule pangoni mwa zimwi Ulysses alijiita Hakuna Mtu, na hilo ndilo lililomwokoa: zimwi lilipolia kwamba Hakuna Mtu analiua, wenzake hawakuja. Kufika baharini akashindwa kunyamaza: akataja jina lake, la baba yake, na kwao. Zimwi likamshtakia kwa baba yake, Poseidon, mwenye bahari, na safari ya kurudi nyumbani ikawa ya miaka. Wengi mtasema majivuno. Mimi namwelewa. Ukikaa mahali unaogopa, huna jina, wewe ni namba ya faili, siku ukitoka unataka watu wajue ni nani katoka. Zile video za uwanja wa ndege mnazotucheka ndizo hizo.

Na msidhani ugomvi wa mali ni wetu peke yetu. Turner alifariki 1851, ndugu zake wakaupinga wosia mahakamani, hadi 1856 ndipo picha zikawa za taifa.

Sasa, hili la kukaa na picha linanifaa mimi. Mwenzangu nyumba moja anaenda mazoezi ya mpira na anapumua vizuri tu. Mwenye swali la viza aandike hapo chini, ila mimi si mwanasheria, na faili lako si langu. La kiingilio nimeshajibu.