Kabla Hujaziba Pancha, Tafuta Kilichotoboa

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, na ninyi vijana ambao baiskeli ndiyo ofisi yenu, habari za asubuhi. Pale mlangoni kuna ndugu ameniuliza, "Hivi pancha nayo ina mhadhara?" Ninyi mnaopeleka maziwa mjini alfajiri jibu mnalo. Tairi likilala njiani saa kumi na moja, na madumu yamejaa kwenye keria, jua halikusubiri.

Sikuja kuwafundisha kubandika kiraka. Karibu kila aliyekaa hapa anajua. Nataka kuzungumzia kazi inayorukwa. Ukishaliona tundu, na kabla hujaliziba, kuna swali: ni nini kilichotoboa, na sasa hivi kiko wapi? Fundi ambaye hana jibu la swali hilo hajamaliza kazi, hata kiraka chake kikae vizuri namna gani.

Swali hili sikufundishwa na mtu darasani. Nilipokuwa ndiyo kwanza naanza ufundi, mama mmoja muuza dagaa aliniletea baiskeli, tairi la nyuma limeisha upepo. Nikatafuta tundu, nikaziba, akalipa, akaenda. Siku ya pili yake akarudi. Nikaziba tena. Mara ya tatu alikuja kwa miguu anaisukuma, ndoo ameishika mkono mmoja, jua la saa sita. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, ile hela ya jana ilikuwa ya madaftari ya watoto." Siku hiyo ndipo nilipolivua tairi lote, nikalipindua ndani nje. Kwa macho sikuona kitu. Nikapitisha kidole, hakuna. Nikachukua pamba, nikaifuta taratibu kuzunguka ndani ya tairi, na mahali fulani uzi wa pamba ukanasa. Ulikuwa waya, mfupi kuliko punje ya mchele, mwembamba kama unywele, umelala ndani ya mpira na ncha yake inachungulia kidogo tu. Waya wa namna hiyo unatoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka barabarani. Gurudumu likibeba mzigo, tairi linabonyea, ncha inatokeza, inachoma. Ukiinua gurudumu, tairi linarudi hali yake na ncha inajificha.

Sasa sikilizeni kinachoniuma mpaka leo. Viraka vyangu viwili na lile tundu la tatu vyote vilikuwa pamoja, havizidi upana wa vidole vinne. Tyubu ilikuwa inaniambia tangu mara ya pili. Mimi nilikuwa naziba bila kusoma. Nilimrudishia yule mama hela ya mara zote tatu, na tangu siku hiyo sirudishi tyubu ndani ya tairi bila kujua kilichoitoboa.

Zamani hata nafasi ya kutafuta ilikuwa shida. Tairi la upepo alilolitengeneza John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, mwaka 1888, lilikuwa linagandishwa kwenye gurudumu. Ukipata pancha, unabandua kwa saa kadhaa, unaziba, unagandisha upya, halafu unangoja gundi ikauke. Ni ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliotoa mwaka 1891 tairi la baiskeli la kuvuliwa na kuvalishwa, na mwaka huohuo Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris kwenda Brest na kurudi. Tangu wakati huo yeyote anaweza kulivua tairi kando ya njia na kutazama ndani. Na bado wengi wetu tunaivuta tyubu kwa upande mmoja, tunaziba, tunasokomeza, bila hata kuligeuza tairi!

Haya, tufanye kwa vitendo. Gurudumu hili la nyuma ni la kijana nimemkuta hapo nje anaisukuma baiskeli yake. Ni inchi 28, kama yalivyo mengi ya baiskeli zetu za mizigo. Limelala na sijalifungua. Kijana, njoo usimame hapa karibu, wewe ndiye shahidi.

Nalizungusha polepole na kutazama nje. Ukiona mwiba au msumari umesimama, mkono utakuwasha kuung'oa. Usiung'oe kwanza. Uzungushie duara la chaki, maana huo ni ushahidi wa mahali. Hapa sioni kitu, vumbi tu. Sasa napiga mstari wa chaki kwenye tairi, palepale valvu ilipo. Navua upande mmoja wa tairi, naitoa tyubu, na kwenye tyubu naweka alama ya kalamu upande uliokuwa wa mnyororo. Alama hizi mbili ndizo zitakazotusaidia baadaye. Zisipokuwepo, ukiliona tundu hutajua ulipime kulia kwa valvu au kushoto.

Naijaza upepo hadi inenepe kuliko ilivyokuwa ndani ya tairi, maana tundu dogo halifunguki mpaka mpira utanuke. Kabla ya maji natumia sikio, kisha shavu. Ngozi ya shavu inausikia upepo ambao kiganja cha fundi, kwa usugu wake, hakiusikii. Halafu beseni. Naizamisha kipande kwa kipande, naivuta kidogo, nangoja. Angalieni hapa... mmeona? Mapovu madogo, yanapanda kwa mstari mmoja kama shanga.

Sasa tusome. Sehemu ya tyubu inayogusa tairi mimi naiita mgongo, na ile inayolala kwenye ringi naiita tumbo. Tundu hili liko mgongoni, dogo, la mviringo. Kwa hiyo kilichotoboa kimetoka nje, kimepita kwenye tairi. Kutoka kwenye valvu ni shubiri mbili na vidole vitatu, kuelekea huku. Naigeuza tyubu kama ilivyokuwa, napima shubiri mbili na vidole vitatu kwenye tairi kutoka mstari wa chaki. Kijana, tazama ndani hapo. Tumia macho kwanza, usitie kidole, inawezekana ni kioo.

Ameona kinukta cheusi. Nje, mahali hapohapo, ukikwangua vumbi, kuna kipande cha mbigiri, kimevunjika usawa wa mpira. Mnaijua mbigiri, ile inayotambaa chini kando ya njia na kutoa vijiua vya njano. Tunda lake likikauka linagawanyika vipande, na kila kipande kina miiba miwili migumu. Kianguke vyovyote, kuna mwiba utakaotazama juu. Ukiuvuta kwa kucha, unatoa kichwa na ncha inabaki. Ndiyo maana naanza ndani, nausukuma utoke kwa ncha ya msumari, kisha naukamata nje kwa koleo. Haya, huyu hapa, mzima. Upitishe wauone.

Halafu pamba, kuzunguka tairi lote, kwenda na kurudi. Mbigiri haiji moja. Aliyeikanyaga moja amepita katikati ya nyingi.

Lakini tundu si lazima lifanane na hili, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoteza nusu siku wakitafuta mwiba ambao haupo. Kuna pancha ya matundu mawili yaliyopangana, kama nyoka ameng'ata. Hiyo haikutokana na mwiba. Baiskeli imepigwa na jiwe au ukingo wa shimo, upepo ulikuwa mdogo, mzigo mkubwa, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na ringi. Ukiliona jino la nyoka, weka koleo chini na umuulize mwenye baiskeli maswali mawili: mara ya mwisho alijaza upepo lini, na alibeba nini. Nimeona baiskeli inabeba magunia mawili ya mkaa, na tairi linabonyea kwa kidole gumba. Pale dawa ni pampu.

Shina la valvu likichanika pale linapoungana na tyubu, mara nyingi ni mambo ya upepo mdogo pia. Tairi legevu linateleza kidogo kidogo juu ya ringi kila unapokanyaga pedali, linaiburuta tyubu, na valvu haiwezi kwenda kwa sababu imeshikwa na tundu la ringi. Utaiona imelala upande kabla haijachanika. Ukiiona imelala, toa upepo, inyooshe, jaza vizuri. Utakuwa umeokoa tyubu nzima, kwa sababu hapo kwenye shina kiraka hakikai.

Na kuna pancha inayotokea dakika chache baada ya kuziba pancha. Mafundi wenzangu, hii ni yetu. Tumelirudisha tairi kwa bisibisi, tukaibana tyubu tukaitoboa kwa mikono yetu, halafu tunamwambia mteja tyubu yake imechoka. Bisibisi haina kazi kwenye tairi. Tia upepo kidogo tyubu ishike umbo, malizia kwa viganja upande wa valvu, na kama ni lazima utumie chuma, kiwe butu kama mpini wa kijiko. Mteja anatulipa kwa imani tu, hana njia ya kujua tulichofanya tulipoinama.

Turudi kwenye beseni, maana sijamaliza. Tumepata tundu moja na sababu yake. Wengi hapo wangeshika msasa. Mimi nabana lile tundu kwa vidole na kuizamisha tyubu yote tena... Hapa. Kijana, unaona? Povu moja, linakaa, linakua, linaachia. La pili hili, na liko tumboni.

Tumboni maana yake ringi. Tairi halihusiki. Napima kutoka kwenye valvu, shubiri tatu kamili, natazama ringi. Ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki umesogea pembeni, na spoki moja imetokeza juu ya kikofia chake cha kukazia, pengine ilikazwa sana au si ya kipimo chake. Gusa polepole. Inachoma, sivyo? Kwa mwendo wa kawaida ingechukua siku kadhaa kutoboa tena, na huyu kijana angeilaumu mbigiri. Spoki hii naipiga tupa mpaka iwe usawa, nafuta vumbi la chuma, na kama ukanda umechoka nakata utepe wa tyubu kuukuu wenye upana wa ringi na kuuzungusha. Haugharimu kitu. Sasa ndiyo napiga msasa, napaka solusheni, ile gundi ya viraka, nangoja mpaka isinate kwenye mgongo wa kidole, nabandika, nakandamiza. Kazi hiyo mnaijua.

Kuna mzee ameinua mkono kule nyuma. Karibu, baba. Anasema yeye ameshazamisha tyubu yake mara nne, haoni povu hata moja, na kila asubuhi anakuta tairi limelala.

Baba, ahsante, nilikuwa karibu kusahau. Ulipoizamisha, valvu nayo iliingia majini, au uliishika juu kwa kidole? Anasema aliishika juu. Nadhani hapo ndipo penyewe. Valvu za baiskeli zetu nyingi za mizigo zina kipira chembamba kilichovishwa kwenye kijiti cha ndani. Upepo wa pampu unakisukuma kando kuingia, kisha kinajibana kuuzuia usitoke. Kwa joto na miaka kinapasuka, na upepo unavuja polepole usiku kucha. Huna haja ya kuvua tairi. Zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa. Hapo mdomo wake unatazama chini. Chukua kikombe cha maji, kiinue mpaka mdomo uzame, ungoje kwa subira. Likitoka povu, badilisha kipira tu.

Baiskeli iko hapo nje? Basi twende, baba. Naomba mtu atuletee kikombe cha maji.