Mizani Kwanza, Daktari Baadaye

Wazee wetu, akina mama, VHT, wahudumu wa afya wa vijiji, mliokuja kutoka kila parishi, hamjambo. Mlioshasikia maneno yangu ya mizani vumilieni, leo mnayasikia tena.

Mtu anaingia kituo cha afya cha daraja la tatu, hapa kwetu Uganda, pale sabukaunti, swali la kwanza: "Daktari yuko?" Hayupo! Medikal ofisa, yaani daktari mwenyewe, mtamkuta daraja la nne, penye chumba cha upasuaji. Daraja la tatu mkubwa ni klinikal ofisa, mtabibu asiye daktari kamili, na kwa malaria, nimonia na kuhara anatosha kabisa. Lakini naye anategemea kilichoandikwa kabla hujamfikia, na aliyekiandika ni yule wa meza ya mlangoni mnayempita bila hata salamu.

Mwangalieni anavyofanya. Mizani isome sifuri kabla mtoto hajapanda. Viatu vivuliwe, sweta itoke, kilo ziandikwe palepale kwenye kitabu cha mgonjwa. Mtoto akigoma kusimama, mama apimwe amembeba, apimwe tena peke yake, tofauti ndiyo kilo za mtoto. Mbona nang'ang'ania kilo? Kwa sababu Coartem, dawa ya malaria mnayopewa dirishani, inahesabiwa kwa kilo. Kuanzia 5 mpaka karibu na 15, kidonge 1 kila dozi. Ikifika 15, vidonge 2. Ikifika 25, vidonge 3. Kuanzia 35, vidonge 4. Dozi ni 6 kwa siku 3: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni, na chakula au maziwa. Sasa mtoto wa kilo 16 akadiriwe kwa macho kuwa 14: amepata nusu ya dawa. Homa inarudi, mama anatangaza sokoni kwamba dawa za serikali ni feki. Dawa imekosa nini hapo?

Najua mtakalosema: wahudumu ni wachache, foleni imefika kwenye mwembe. Ndiyo, ni wachache. Kwa hiyo watoto wapimwe mapema, maana nesi aliye peke yake akishaanza kugawa dawa harudi tena mlangoni.

Meza hiyohiyo ndiyo yenye ruhusa ya kuvunja foleni. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, au aliyelegea hajitambui, huyo hakai kwenye benchi. Anapita. Mzee aliyefika alfajiri atanung'unika, anung'unike.

Wa maabara naye mwacheni afanye kazi. Kipimo cha haraka cha malaria kina dakika zake, 15 au 20 kufuatana na aina. Mkimgongea mlango dakika ya tano, mstari hafifu bado haujajitokeza, mtaambiwa hamna malaria. Mstari wa C, ule unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, usipoonekana, kipimo kimeharibika, arudie na kingine. Na kama ulimaliza dawa za malaria wiki mbili zilizopita, mwambie, kwa sababu aina za kipimo tunazotumia sana zinaweza kuonyesha mstari hata umeshapona. Mnaficha, halafu mnakunywa Coartem bila sababu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi mbiombio. Mkunga: Fansidar ya mjamzito, ya kumkinga na malaria, kuanzia mwezi wa nne, vidonge 3 vinamezwa mbele yake, havifungwi kwenye leso kupelekwa nyumbani. Kati ya dozi na dozi angalau mwezi. Anayekunywa Septrin, ile antibiotiki, hapewi Fansidar, ndiyo maana mkunga anauliza, si umbeya.

Wa rekodi ana ripoti ya mwezi inayokwenda wilayani, kwa hiyo akiuliza kijiji chako, taja kijiji, usiseme "hapo tu". Askari analinda geti, hauzi nafasi ya foleni, na kituo cha serikali matibabu hayalipiwi tangu 2001. Akiomba "chai", peleka jina lake kwa kamati ya kituo, msiniletee mimi.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama wa nyuma.