Kuku Mmoja, Nyama Mbili

Mhadhara kwa wapishi na wenye vibanda vya chakula, katika ukumbi wa mtaani, Kaloleni, Nairobi

Mwenyekiti, kina mama na kina baba mnaopika kwa ajili ya riziki, nanyi vijana mlioketi nyuma, ambao nawaomba msogee mbele kwa sababu nitamkata kuku hapa mezani na si jambo la kulitazama kwa mbali: hamjambo.

Sitawaeleza namna ya kumchagua kuku sokoni, kwa kuwa humu ukumbini hakuna asiyeijua njia ya kwenda soko la Burma. Nimekuja na neno moja, nalo nimelisema katika kila jiko nililowahi kufanyia kazi: kuku mmoja ana nyama mbili, na anayezipika nyama hizo mbili kwa moto mmoja na kwa muda mmoja hana budi kuiharibu mojawapo.

Mtazameni huyu. Ni broila wa kawaida, mwenye umri wa wiki sita hivi. Nikiipasua ngozi hapa, kati ya paja na tumbo, mnaona kwamba nyama ya paja ina wekundu uliokolea, ilhali kidari ni cheupe. Wapo watakaoniambia kwamba wekundu huo ni damu, kwamba aliyemchinja hakumwacha atoke damu vizuri. Si kweli, na nimechoka kulisikia. Damu ya kuku huyu ilikwisha alipochinjwa. Mnachokiona ni maioglobini, protini nyekundu ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni ndani ya msuli. Kuku husimama na kutembea kutwa nzima, na misuli ya miguu inayofanya kazi bila kupumzika huhitaji akiba ya oksijeni. Kidari ndicho msuli wa kupigia mabawa, na kuku hupiga mabawa kwa nguvu pale tu anapomkimbia paka au anapopanda mtini kulala, tena kwa sekunde chache. Ukitaka ushahidi, mpasue njiwa. Njiwa huruka masafa marefu, na kwa hiyo kidari chake ni chekundu kama ini. Rangi ya nyama ni habari ya kazi ambayo msuli ulikuwa ukiifanya, na kazi hiyo ndiyo inayoamua ladha yake na moto unaoufaa.

Msuli unaofanya kazi kutwa huwa na mafuta zaidi kati ya nyuzi zake, na huzungukwa na kano na tando nyingi zaidi zilizoundwa kwa kolajeni. Kolajeni ni ngumu ikiwa mbichi, nayo haiyeyuki kwa haraka; huhitaji joto la kutosha na muda wa kutosha, kisha hugeuka kuwa jelatini, ule utelezi mtamu unaoshikamana na midomo mtu anapokula paja lililopikwa likaiva. Kidari hakina utajiri huo. Kina nyuzi ndefu, laini, zilizojaa maji, na joto linapopanda nyuzi hizo hujikaza na kuyakamua maji hayo nje. Kidari kikifika nyuzi 74 za Selsiasi katikati yake, kimeiva na ni salama kuliwa. Kila dakika unayokiacha motoni baada ya hapo unakikausha tu. Paja nalo likifika nyuzi 74 ni salama, lakini bado ni la kutafuna kwa nguvu karibu na mfupa. Utamu wake hufika kati ya nyuzi 80 na 85. Basi tazameni tatizo lilivyo: joto linaloliivisha paja likawa tamu ndilo joto linalokiua kidari.

Niliwahi kuajiriwa katika hoteli moja karibu na kituo cha mabasi, hoteli ambayo sitaitaja jina. Kila asubuhi kuku waliletwa, wakakatwa vipande vinane kwa panga, wakatiwa chumvi, na vipande vyote vikatumbukizwa pamoja katika karai moja la mafuta. Baada ya dakika 12 hivi vilitolewa. Mteja aliyepata paja alilalamika kwamba karibu na mfupa kuna damu, na aliyepata kidari alikula. Mwenye hoteli akaamuru kuku akaangwe dakika 20. Sasa mafungu yakabadilika: mwenye paja alikula akaomba jingine, na mwenye kidari alikiacha sahanini baada ya kukitafuna mara mbili. Nilikuwa nikikusanya sahani hizo mwenyewe. Kidari kilichorudi kilikuwa kimechanika nyuzi nyuzi kama kamba ya katani, na ukikibinya kwa vidole hakikutoa hata tone. Wiki ile mwenye hoteli alimbadilisha muuza kuku mara mbili, akaamini kwamba analetewa kuku wabaya. Hao kuku walikuwa wazima kabisa! Aliwahukumu ndege kwa kosa la saa.

Nilimwomba anipe asubuhi moja. Nilizitia miguu na mapaja kwanza katika mafuta yaliyopata moto, lakini ambayo bado hayajaanza kutoa moshi. Nikahesabu dakika sita, kisha nikatia vidari, na vyote nikavitoa kwa pamoja kidari kilipofikisha dakika kumi. Halafu nikaviacha vipande vyote juu ya wavu kwa dakika tano, kwa sababu joto lililoko nje ya kipande huendelea kuingia ndani hata baada ya kutoka motoni, na mpishi anayengoja kidari kiive kabisa karaini amekwisha kuchelewa. Siku hiyo hakuna sahani iliyorudi na kidari. Hatukuongeza kiungo, hatukubadilisha mafuta wala muuzaji. Tofauti ilikuwa dakika sita. Ndugu zangu, ni kwa sababu ya dakika sita hizo ninasimama mbele yenu leo.

Kuhusu yule aliyelalamikia damu karibu na mfupa, nifafanue, kwa kuwa malalamiko hayo mnayapata kila siku. Broila huchinjwa akiwa mchanga, mifupa yake haijakomaa, na rangi ya uboho hupenya mfupa ikaipaka nyama iliyo karibu. Paja linaweza kuwa limeiva kabisa na bado likaonyesha wekundu pale. Vilevile nyama inaweza kuwa nyeupe na bado haijafika joto la usalama, na ndiyo maana nawasihi mnunue kipimajoto cha jikoni, mkichome katikati ya kipande pasipogusa mfupa, muache kubahatisha kwa macho.

Sasa najua kuna mtu anayesema moyoni mwake kwamba daktari amemkataza paja kwa sababu lina mafuta. Tuzitazame hesabu zenyewe. Gramu 100 za kidari kilichookwa bila ngozi zina takriban gramu 31 za protini na gramu 3.6 za mafuta. Gramu 100 za paja lililookwa bila ngozi zina takriban gramu 26 za protini na gramu 11 za mafuta. Tofauti ipo, siikani, na aliyeagizwa na daktari amtii daktari wake. Lakini paja lina madini ya chuma na zinki zaidi, na mafuta ndiyo yanayobeba ladha. Inaniuma kumwona mama ananunua kidari kisicho na mfupa kwa bei ya juu kuliko sehemu nyingine zote, akakivisha unga, akakikaanga katika mafuta mengi, kisha akasema anaepuka mafuta ya paja. Ukitaka kidari kwa ajili ya afya, kipike kama kidari: kitie chumvi kiasi cha gramu 10 kwa kila kilo tangu usiku, kwa maana chumvi iliyopata muda wa kuingia husaidia nyuzi kushikilia maji yake, asubuhi kikate vipande vyembamba vya unene mmoja, uvipitishe kwenye kikaango chenye moto mkali kwa dakika chache, kisha ukamulie ndimu. Kwa mchuzi wa kutokota saa nzima, kidari hakifai, na hakijawahi kufaa.

Haya ninayoyasema ni ya broila. Kienyeji ana mambo yake, na hapa Nairobi yana uzito zaidi. Shangazi yangu, ambaye alipika miaka yote Kisauni, Mombasa, alikuja kunitembelea akamtokosa jogoo wa kienyeji kwa muda ule ule aliouzoea, na nyama ikakataa kulainika. Alishuku makaa, akashuku jogoo, akashuku hata sufuria yangu. Nilimwambia: shangazi, ni huu mlima tunaoishi juu yake. Mombasa iko ufukweni na maji yake huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94. Hata uchochee makaa namna gani, maji ya sufuria iliyo wazi hayapiti hapo. Unayapoteza tu kwa mvuke. Jogoo aliyetembea miezi minane ana kolajeni iliyofungamana kwa nguvu, na nyuzi sita hizo za joto zilizopungua anazidai kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo aliye na sufuria ya presha aitumie bila kuona haya, na asiyenayo aanze mapema, afunike vizuri, moto uwe mdogo. Kidari cha kienyeji nacho kitolewe mapema kuliko miguu, kiwekwe kando ndani ya supu kidogo, kirudishwe mwishoni. Sheria ni ile ile. Na anayetaka kupika kuku wa kupaka amchome makaani nusu nusu kwanza, ndipo tui limalizie. Miguu hupokea tui vizuri kuliko kidari.

Niingie kwenye kisu, kwa sababu huwezi kuzitenganisha nyama mbili motoni ikiwa hukuzitenganisha ubaoni. Wekeni panga kando. Panga hupasua mfupa, na vipande vya mfupa ndivyo vinavyomchoma mteja ulimi. Shikeni mguu, mpasue ngozi tu, kisha mkunje paja kwa nyuma, kuelekea mgongoni, hivi, mpaka msikie kichwa cha mfupa kikichomoka kwenye tundu lake. Mmesikia? Sasa kisu hakina mfupa wa kukata, kinapita katikati ya kiungo. Lakini kabla ya kuuachanisha mguu, upapaseni mgongo kwa kidole gumba hapa, juu kidogo ya kiungo cha paja. Pana kishimo katika mfupa, na ndani ya kishimo kuna kinofu cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko sarafu. Viko viwili, kimoja kila upande. Hiyo ndiyo nyama tamu kuliko zote katika kuku huyu: nyekundu kama paja, laini kama kidari, tena imelala chini ya ngozi yenye mafuta. Wakataji wengi huipitia mbali, ikabaki mgongoni, na mgongo ukatupwa au ukauzwa kwa bei ya mbwa. Pitisheni ncha ya kisu chini yake, ifuateni mifupa, nayo itatoka pamoja na paja. Tazameni. Kimetoka kizima.

Dramstiki, yaani sehemu ya mguu iliyo chini ya paja, hupikwa kama paja, ila jueni kwamba kano zake ni nyingi zaidi na huchukua muda.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nitaharakisha. Mabawa yana ngozi nyingi kuliko nyama, na ngozi ikilowa haikauki vizuri motoni. Yafuteni, yatieni chumvi, myaache wazi kwenye friji usiku kucha, ndipo yachomwe. Maini hayataki zaidi ya dakika chache, yasije yakawa chaki. Firigisi ni kinyume chake kabisa: ni msuli wa kusagia chakula, haupumziki, kwa hiyo itokoseni kwa saa nzima au zaidi kabla ya kuikaanga. Kwetu Magharibi mwa Kenya firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na heshima hiyo inastahili firigisi iliyolainika.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara, la kumwosha kuku kwa maji mengi na ndimu kabla ya kumpika. Maji hayaviui vijidudu vya salmonela wala kampilobakta. Huvirusha kwenye sinki, kwenye ubao, na kwenye kachumbari iliyo kando. Moto ndio unaoviua. Mkitaka ndimu kwa ladha, itieni kwenye bakuli la viungo, wala si kwenye bomba.

Na mgongo huu, pamoja na shingo na miguu yenye kucha mnayoiona imerundikwa kwenye mabeseni sokoni kwa bei ndogo, msiutupe. Miguu hiyo karibu yote ni ngozi, kano na kolajeni. Imenyeni, mkate kucha, mtie vyote ndani ya maji baridi pamoja na tangawizi, moto mdogo, saa tatu au nne hapa Nairobi, mkiengua povu. Supu hiyo ikilala kwenye friji huamka imeganda kama haluwa, na kijiko kimoja chake kinatosha kuukoleza mchuzi wa sahani nzima. Sufuria iliyo pale mlangoni niliianza saa moja asubuhi. Vikombe viko kwenye meza ya nyuma. Anzeni na wazee.